Tumbo dogo halisubiri chakula cha usiku

Mtoto wa mbwa aliingia Misungwi ndani ya boksi la sabuni, Jumamosi jioni, mapajani mwa mjomba aliyepanda daladala kutoka Mwanza. Alikuwa na umri wa miezi miwili, uzito wake haukufika kilo moja, na manyoya yake yalikuwa meupe kiasi kwamba watoto hawakubishana juu ya jina. Wakamwita Pamba. Baba mwenye nyumba, shabiki wa timu ya Pamba ya Mwanza, alicheka na kuliafiki.

“Ni Maltese huyu, shemeji,” mjomba alimwambia. “Hata akizeeka hazidi kilo nne.”

“Basi huyu halindi,” baba alijibu. “Huyu analindwa.”

Mjomba alikuwa anawahi gari la kurudi, hakuacha maelezo mengi. Hakuna pia aliyemwuliza Pamba anakula nini. Nyumba hiyo ilikuwa na mbwa mwingine, Simba, wa kienyeji, mwenye umri wa miaka sita, anayelala mlangoni na kubweka kila pikipiki inapopita. Simba hula mara moja kwa siku, usiku, ugali uliobaki na chochote kilichosalia kwenye sufuria. Wote waliona kwamba Pamba atakula kama Simba, ila kidogo zaidi.

Pamba aliuramba ugali na kuuacha. Binti wa darasa la nne, ambaye ndiye aliyemwomba mjomba amletee mbwa, alimwonea huruma. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alimmiminia nusu ya maziwa yake kwenye kifuniko cha ndoo, nyuma ya jiko, mama asione. Siku ya tatu Pamba alianza kuhara.

Mama alipoona uchafu barazani alifanya alichodhani ni busara. “Leo asile kitu,” aliagiza. “Tumbo lipumzike.” Simba akiharisha hufanyiwa hivyo, na kesho yake huamka mzima.

Jumatano alfajiri binti alipiga kelele. Pamba alikuwa amelala ubavu kwenye boksi lake, mwili wa baridi, fizi zimepauka, kichwa kikitikisika kila alipojaribu kukiinua. Bibi ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuwa amelea ndama na vitoto vya mbuzi vilivyozaliwa dhaifu, akajua pa kuanzia. Alichovya kidole kwenye chupa ya asali na kumpaka Pamba kwenye fizi, kidogo kidogo. “Msimmiminie,” alisema, “atapaliwa.” Mama akamviringisha kwenye kanga, akapanda bodaboda na binti yake nyuma, sare ya shule ikiwa haijafungwa vifungo.

Bwana mifugo alimpima joto, akampa maji ya sukari kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, akamweka karibu na chupa ya maji moto. Kisha akauliza swali moja: “Amekula lini mara ya mwisho?”

Mama akahesabu. Chakula cha mwisho cha maana kilikuwa Jumatatu usiku.

“Mama, huyu amefunga zaidi ya siku nzima,” bwana mifugo alisema. “Amepungukiwa sukari mwilini.”

Akaeleza taratibu. Mbwa mkubwa ana akiba ya nguvu kwenye ini na kwenye misuli, anaweza kukaa siku nzima bila chakula na asionyeshe dalili. Mtoto wa mbwa wa aina ndogo hana akiba hiyo. Ini lake ni dogo, misuli ni michache, na mwili hupoteza joto haraka. Saa chache za njaa, hasa akiwa anaharisha au ana minyoo, zinatosha kumwangusha. Ndiyo maana mbwa wa umri huo hulishwa mara nne kwa siku mpaka afikishe miezi mitatu au minne, mara tatu mpaka miezi sita, kisha mara mbili.

Mama alisikiliza akiwa ameinamisha macho. Maneno hayo aliwahi kuyasikia kliniki, alipokuwa na mtoto wake wa mwisho mgongoni: tumbo la mtoto ni dogo, mpe kidogo na mara nyingi. Aliyashika kwa mtoto wake. Hakufikiri kwamba yangemhusu mbwa.

Kuhusu maziwa, bwana mifugo alisema mbwa wengi wakishaachishwa kunyonya hupoteza uwezo wa kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa ya ng’ombe. Binti aliposikia hivyo aliangua kilio. “Mimi ndiye niliyempa,” alisema. “Mimi ndiye niliyemuua.”

“Hajafa,” bwana mifugo alimwambia. “Mtazame.” Pamba alikuwa ameanza kulamba bomba.

Bibi naye alipata sifa yake, pamoja na onyo ambalo bwana mifugo alimtuma mama alifikishe nyumbani: asali ilimsaidia mbwa, lakini mtoto mchanga wa binadamu asilambishwe asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Njiani kurudi mama alimsimamisha dereva wa bodaboda, wakatembea kwa miguu kipande kilichobaki. Alitaka kusema jambo ambalo si rahisi kwa mzazi. “Maziwa yalimharisha, ni kweli,” alimwambia binti yake. “Lakini mimi ndiye niliyesema asile. Wewe uliona ana njaa ukampa chakula chako. Kosa lako ni kutoniambia. Kosa langu ni kutouliza.” Binti hakujibu, ila alimshika mkono mpaka nyumbani.

Jioni hiyo ulizuka mjadala wa fedha. Bwana mifugo alishauri kwamba katika miezi hii ya kukua, msingi wa chakula cha Pamba uwe chakula kikavu kilichotengenezwa kwa ajili ya mbwa watoto wa aina ndogo, maana punje zake zinaingia kwenye mdomo mdogo na virutubisho vyake vimepimwa. Mjomba alipopigiwa simu kuulizia bei dukani Mwanza, mfuko wa kilo mbili ulikaribia bei ya kilo kumi za mchele.

“Kilo kumi za mchele kwa mbwa!” baba alisema. “Majirani watatucheka.”

Mama hakubishana. Alichukua daftari la hesabu la mtoto. Bwana mifugo alikuwa amemwambia kwamba mbwa wa kilo moja anahitaji kama gramu 55 za chakula hicho kwa siku, na kwa uzito atakaofikia hatavuka sana gramu 75. Gramu 2,000 zikigawanywa kwa 55 ni siku 36. Kwa siku moja ilikuwa kama bei ya robo kilo ya mchele. Mbwa mdogo ni dhaifu kwa njaa, lakini mlo wake wa siku nzima unaenea kwenye viganja viwili. Baba aliitazama hesabu ile, akaizungusha, akairudia mwenyewe. Kisha akasema mjomba anunue.

Mjomba alipewa maelekezo ya kununua. Mfuko uwe umeandikwa kuwa ni chakula kamili kwa mbwa anayekua, siyo cha mbwa mzima. Viwango vinavyotumika Marekani, ambavyo kampuni nyingi hufuata, vinataka chakula cha mbwa mtoto kiwe na protini isiyopungua asilimia 22.5 na mafuta yasiyopungua asilimia 8.5 kikiondolewa maji. Cha mbwa mzima kinaruhusiwa kushuka hadi 18 na 5.5. Atazame tarehe ya mwisho wa matumizi. Na asinunue kinachopimwa kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi, hata kama ni rahisi, kwa sababu hakuna ajuaye limekaa wazi kwa muda gani wala lilikuwa na chakula gani.

Wakati mfuko unasubiriwa, ziwa lilisaidia. Dagaa walioanikwa bila chumvi walichambuliwa mchanga, wakaoshwa mara tatu, wakachemshwa na kupondwa pamoja na wali laini. Mapanki ya sangara, ambayo familia nyingi za Mwanza zinayajua vizuri, yalichemshwa, nyama yote ikabanduliwa na mifupa ikatupwa mbali, kwa sababu mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na unaweza kutoboa utumbo. Yai la kuchemsha nalo lilifaa, na kipande kidogo cha boga. Mfuko ulipofika, chakula kipya kilichanganywa na cha zamani kwa siku saba, kikiongezwa kidogo kila siku ili tumbo lisishtuke. Baada ya hapo vya nyumbani vilibaki kuwa kionjo, visivyozidi sehemu moja ya kumi ya mlo wa siku. Dagaa na wali vinashibisha, lakini ni vigumu kwa mtu wa nyumbani kupatanisha madini yote ambayo mifupa inayokua inayataka.

Orodha ya visivyoruhusiwa iliandikwa na binti kwa kalamu nyekundu na kubandikwa ukutani jikoni: vitunguu maji na vitunguu saumu, chokoleti, zabibu mbichi na kavu, pombe, mifupa iliyopikwa, samaki wa chumvi, na peremende au bazoka zisizo na sukari, kwa kuwa baadhi yake zina zailitoli, utamu unaoshusha sukari ya mbwa ghafla. Kitunguu ndicho kilichowashangaza zaidi, kwa maana mchuzi uliobaki usiku huwa nacho siku zote.

Jambo gumu zaidi lilikuwa stoo. Bwana mifugo alikuwa ameuliza unga wa ugali wa mbwa unatoka wapi, na mama akasita kujibu. Mvua za masika zilikuwa zimevujia mahindi, na nusu gunia likaota ukungu. Baba alilitenga. Aliona hasara ingekuwa ndogo likisagwa kwa ajili ya mbwa, na Simba alikuwa ameanza kulila wiki hiyo.

Ukungu wa namna hiyo unaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyochafuliwa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka. Ng’ombe akilishwa mahindi hayo, sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa, na maziwa hunywewa na watoto.

“Nusu gunia,” baba alisema, akisimama mlangoni mwa stoo. “Unajua nililima kwa shida gani?”

“Najua, baba,” bibi alimjibu mwanawe. “Lakini chakula kibovu hakigeuki kizuri kwa sababu anayekila hana mdomo wa kukataa.”

Baba alikaa kimya kwa muda. Kisha akachukua jembe, akachimba shimo nyuma ya choo, akayafukia mahindi yale mwenyewe. Wiki iliyofuata alipanda juu ya paa kuziba bati lililotoboka.

Ratiba ya Pamba ikapangwa kama ya mtoto wa nyumba. Saa 12 asubuhi binti humlisha kabla ya shule. Saa 6 mchana ni zamu ya bibi. Saa 11 jioni binti tena, na saa 3 usiku mama, kabla ya taa kuzimwa, ili asilale na tumbo tupu mpaka asubuhi. Kipimo ni kikombe cha plastiki kilichochorwa mstari baada ya chakula kupimwa kwenye mizani ya duka la jirani. Maji safi hukaa muda wote. Dawa ya minyoo hupewa kwa tarehe alizoandika bwana mifugo, chanjo ya kichaa cha mbwa ilisubiri atimize miezi mitatu, na kila mtoto hunawa mikono kwa sabuni akimaliza kumlisha, kwa kuwa baadhi ya minyoo ya mbwa huwapata watoto wa binadamu.

Simba naye alifaidika. Sasa anakula mara mbili, unga safi na dagaa.

Pamba alipotimiza miezi mitatu na nusu alipandishwa tena kwenye mizani ile ya duka. Alikuwa na kilo moja na nusu, na hakutaka kutulia ili asomwe. Mwenye duka aliuliza kwa utani kama anauzwa kwa kilo. Binti hakucheka, alimkumbatia tu.

Asubuhi siku hizi mama husimama mlangoni mwa jiko saa 12. Anamtazama binti akijaza kikombe hadi kwenye mstari, akimwaga kwenye sahani ya Pamba na kunawa mikono. Kisha binti hukaa kwenye kigoda karibu na mbwa wake, akanywa maziwa yake yote mpaka tone la mwisho, na kumwonyesha mama kikombe kitupu.