Majina ya Mwishoni

Mimi ni yule mtu anayebaki kwenye kiti filamu ikiisha. Wenzangu wakianza kutafuta viatu na kuulizana nani ana pesa ya boda, mimi bado nasoma majina. Nani alishika kamera, nani alishona nguo, nani alipikia waigizaji, nani aliendesha gari. Nairobi Half Life, ile ya David "Tosh" Gitonga ya 2012, nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa, na kila mara nafika mpaka pale mwisho kabisa. Simjui hata mmoja wao. Lakini ni majina ambayo ungeyasikia yakisomwa kwenye rejista ya darasa la saba, na kuyaona yakipanda polepole kwenye skrini kubwa ni kitu, bana. Mtu alifanya kazi, na imeandikwa kwamba aliifanya.

Nadhani kazi yangu ndiyo imeniharibu hivi. Kwa miaka minne nimeishi kwa kuandika vitu ambavyo jina langu halimo.

Mwezi uliopita nilitazama The Shadow Scholars, filamu ya hali halisi ya mwaka 2024 iliyoongozwa na Eloïse King. Inamfuata Patricia Kingori, mzaliwa wa Kenya ambaye ni profesa kule Oxford, akija Nairobi kuwatafuta vijana wanaoandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Ulaya na Marekani. Yaani sisi. Steve McQueen, yule wa 12 Years a Slave, ni mtayarishaji mkuu. Niliitazama peke yangu usiku, mlango nimefunga, kama mtu anayesoma faili yake ya hospitali kabla daktari hajarudi.

Kitu cha kwanza kilichonishika ni sura. Wale waandishi hawaonyeshwi. Wanaonekana, ndiyo, lakini nyuso si zao. Zimetengenezwa na akili bandia na kubandikwa juu ya nyuso zao halisi ili wasitambuliwe. Midomo inasogea, macho yanapepesa, sauti inakuja na lafudhi unayoijua, ile ya mtu ambaye ungempata kwenye foleni ya mama chapo, na bado uso si wa mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa. Naelewa sababu. Watu wanalindwa, na mimi pia ningetaka nilindwe. Lakini nilisimamisha filamu nikaenda kuchemsha maji ya chai ambayo sikuyahitaji.

Nilitamani ikae zaidi na kazi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo pana utamu. Hakuna anayeamini nikimwambia kwamba kuna usiku niliipenda. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imegoma, na jamaa tuliyekuwa tukikaa naye chumba kimoja akanionyesha hii kazi ya "akademiki". Akaunti haikuwa yangu. Mwenye akaunti alichukua nusu na zaidi, mimi nikabaki na shilingi 250 kwa ukurasa, na ukurasa ni maneno 275. Piga hesabu mwenyewe, ni chini ya shilingi moja kwa neno. Oda yangu ya kwanza ilikuwa ya uuguzi, kurasa sita kuhusu vidonda vya wagonjwa wanaolala kitandani muda mrefu. Nilikuwa nimesomea uchumi! Nikakesha nikisoma jinsi ngozi inavyokufa pale mfupa unapoikandamiza, mara ngapi mgonjwa ageuzwe, kwa nini kisigino huathirika haraka. Saa kumi na moja asubuhi nilipomaliza, nilikuwa najua kitu ambacho jana yake sikukijua, na mtu fulani ng'ambo ya bahari alikuwa analala vizuri. Karo ya huyo mtu ya muhula mmoja ingenisomesha mpaka nikashukiwa kwa kuzeeka darasani.

Kuna watu wataniambia hiyo ni kusaidia watu kudanganya. Nimesikia. Mjadala huo una wenyewe, tena wana mishahara. Mimi nilibaki na swali dogo zaidi, nalo ni kwamba A ya yule mtu iko kwenye karatasi yenye muhuri, imepigwa picha, imewekwa kwenye fremu ukutani, na mimi nina folda kwenye laptopu inayoitwa "zilizolipwa".

Na hata hiyo folda imeanza kukauka. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 oda zimepungua, na zinazokuja siku hizi si za kuandika. Unatumiwa insha ambayo mashine imeshaiandika, unaambiwa uifanye isikike kama binadamu. Uweke kosa dogo hapa, ukate sentensi pale. Kwa hivyo kwenye filamu mashine inamvalisha mtu sura, na kwenye meza yangu mtu anaivalisha mashine. Bei yake ni theluthi ya ile ya zamani.

Baada ya hiyo nilitafuta kitu cha kunituliza, nikarudi kwa Searching for Sugar Man. Pengine unaijua. Rodriguez, mwanamuziki wa Detroit, anatoa albamu mbili, Cold Fact mwaka 1970 na nyingine mwaka uliofuata, hazinunuliwi, anarudi kufanya kazi za mjengo. Kumbe Afrika Kusini nyimbo zake zimekuwa kubwa balaa, watu wanaziimba wakati wa ubaguzi wa rangi, na wanaamini alishajiua jukwaani. Mwaka 1998 anapelekwa huko na kukuta kumbi zimejaa. Filamu ilishinda Oscar mwaka 2013, na Rodriguez akafariki 2023.

Watu huiita filamu ya matumaini. Mara ya kwanza hata mimi nilitoka nikiwa nimejaa hewa. Safari hii niliona inavyopanga mambo yake. Haisemi popote kwamba Rodriguez aliwahi kufanya ziara Australia mwaka 1979 na tena 1981, kwa sababu ungejua hilo, lile jukwaa la Cape Town lisingekutoa machozi. Sikasiriki sana, kila msimulizi ana vitu anavyoficha chini ya godoro. Sehemu iliyonikaa kooni ni nyingine kabisa. Ni pale mwongozaji anapomuuliza aliyekuwa mwenye kampuni ya rekodi kule Marekani pesa za mauzo ya Afrika Kusini zilienda wapi. Mzee anabadilika. Dakika moja alikuwa anamsifu Rodriguez mpaka basi, dakika ya pili anataka kujua kwa nini unaleta habari za pesa. Ni mahojiano mafupi, filamu inaendelea na safari yake, gitaa linarudi. Mimi nilirudisha nyuma nikaitazama tena ile sura ikibadilika. Naijua. Nimewahi kuisikia kwenye simu.

Muziki wa kwangu mwenyewe? Nikiandika husikiliza Kalamashaka. Wale vijana watatu wa Dandora walirap kwa Kiswahili na Sheng wakati kusikika kwenye redio kulitaka uongee kama umelelewa Brooklyn, na mpaka leo sijapata kitu kingine kinachonifanya nikae wima hivyo saa nane za usiku.

Lakini wimbo ambao umeniandama tangu hizo filamu mbili ni Malaika. Usicheke. Najua umechoshwa nao kwenye harusi na hoteli za Diani. Tafuta ule wa Fadhili William na Jambo Boys, wa miaka ya mwanzo ya sitini, uusikie bila kelele za watalii. Gitaa halina haraka. Jamaa anaimba kuhusu kutamani kuoa na mfuko hauna kitu, na anaimba bila kujihurumia, kama anayekueleza tu hali ilivyo. Miriam Makeba akauchukua akauzungusha dunia, Boney M wakaurekodi pia. Ila uliza nani aliutunga. Wengi wetu tutasema Fadhili. Ukivuka mpaka utaambiwa ni Adam Salim, kwamba aliutunga katikati ya miaka ya arobaini akiwa amekataliwa msichana aliyempenda. Nenda Mombasa na kuna wazee watamtaja Lucas Tututu. Fadhili alifariki 2001 na ubishi haukuzikwa naye. Nimesoma pande zote kadiri nilivyoweza na siwezi kukuamulia. Ninachoona ni kwamba wimbo mmoja wa mtu asiye na pesa una wababa watatu, na umewalipa zaidi watu wengine.

Mama yangu huko Kitale anaupenda ule wa Makeba, na kwake huo ndio wimbo, wengine wote waliiga. Tulibishana kwa simu Jumapili. Huniita Baba kwa sababu nilipewa jina la babake, kwa hivyo hata akinigombeza huwa ni kwa heshima fulani.

"Sasa Baba, wewe ungejuaje ni nani alitunga, na hukuwa umezaliwa?"

Nikamweleza ile filamu ya Kingori. Nilieleza yote, mpaka sura za kubandikwa. Mama anajua naandika, lakini kila anapoomba nimtumie kitu asome, au awaonyeshe wenzake wa chama, huwa nabadilisha mada. Safari hii sikubadilisha. Nilimwambia kazi zenyewe ni kama zile, na majina yaliyo juu yake ni ya wenye kulipa.

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu akiburuta kiti.

"Na hao watoto wa watu, walipita?"

"Walipita, Mama. Karibu wote."

"Uuguzi pia?"

"Uuguzi ndiyo mingi."

"Kwa hivyo wewe umegraduate mara ngapi?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli, anataka idadi. Nikafungua ile folda, simu nimeiegemeza begani, nikaanza kumhesabia. Uuguzi, tasnifu mbili na insha ambazo siwezi kuzimaliza leo. Elimu ya watoto wadogo, moja. Usimamizi wa biashara, tatu, hiyo ya tatu ni ya mtu wa Texas ambaye hakumalizia kunilipa. Mama akasema ngoja, achukue kalamu.