Dagoretti Corner: Divai ya Kigeni na Muratina ya Wazee

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Nairobi akiifuata barabara ya Ngong kuelekea magharibi, akisha kupita Adams Arcade, haendi mbali kabla hajaikuta njia panda ijulikanayo kwa jina la Dagoretti Corner. Hapo ndipo barabara ya Naivasha inapochepuka kwenda Kawangware na Riruta, na karibu yake pana makao makuu ya idara ya serikali iangaliayo hali ya hewa. Mbele kidogo, kando ya barabara, maseremala hupanga vitanda na makochi hadharani, na wauzaji wa miche hupanga maua na miti ya matunda. Jua likitua moshi wa makaa hutanda, kwani wenye bucha wamekwisha anza kuchoma mbuzi.

Katika njia panda kama hii hayakosi maduka ya kuuzia vileo kwa chupa, na humo rafuni mna divai zilizovuka bahari: za Ufaransa, za Hispania, za Chile na za Afrika Kusini. Karani aliyepokea mshahara wake huzitazama, akasoma majina yasiyotamkika, akatazama bei, kisha aghalabu hununua ile yenye picha nzuri kuliko zote. Si kosa lake. Yale majina yana maana, lakini hapana aliyemweleza.

Hata majina ya Kiswahili ya kinywaji hiki yana safari zake. Neno divai husemwa kuwa limetoka kwa Wafaransa, na mvinyo kwa Wareno. Katika kamusi za zamani mvinyo ulikuwa ni ile pombe kali iunguzayo koo, na divai ndiyo maji ya zabibu. Siku hizi watu huyachanganya maneno haya mawili, na wauzaji hawajali mradi chupa imetoka.

Nchi ya Dagoretti ilikuwa mahali pa chakula kabla mji wa Nairobi haujakuwako. Misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda ilisimama kwa Wakikuyu kununua mahindi, maharagwe na viazi, kwa kuwa baada ya hapo iliingia katika nyika za Bonde la Ufa. Mwaka 1890 Kapteni Lugard, aliyekuwa mtumishi wa ile Kampuni ya Kiingereza, alijenga boma huko Dagoretti akala kiapo cha amani na Waiyaki wa Hinga. Kiapo hakikudumu. Watu wa Kampuni waliobaki walianza kunyang'anya chakula badala ya kukinunua. Boma likaachwa, likachomwa moto. Waiyaki mwenyewe alikamatwa mwaka 1892, akafa Kibwezi akipelekwa pwani. Mipaka ya mji ilipopanuliwa mwaka 1963 sehemu kubwa ya Dagoretti ikawa ndani ya Nairobi, lakini mpaka leo katika Waithaka, Mutuini na Ruthimitu ziko jamaa zikaazo juu ya vishamba vya babu zao, zenye ng'ombe wawili watatu na migomba nyuma ya nyumba za kupangisha.

Basi na itwaliwe chupa moja ya Kifaransa, ipate kusomwa. Katika wilaya ya Médoc, karibu na mji wa Bordeaux, kiko kijiji kiitwacho Pauillac, na hapo pana shamba la Château Lafite Rothschild. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, wafanya biashara wa Bordeaux waliyapanga mashamba ya divai kwa daraja tano kwa kufuata bei zake, na Lafite likawa katika daraja la kwanza. Ukoo wa Rothschild ulilinunua mwaka 1868. Mizabibu yake mikubwa ni ya namna ya Cabernet Sauvignon, ambayo zabibu zake ni ndogo, nyeusi, zenye ganda nene. Huchanganywa na Merlot iliyo laini zaidi, pamoja na Cabernet Franc na Petit Verdot kidogo, kama mpishi atiavyo viungo. Divai hiyo hukaa katika mapipa ya mti wa mwaloni kabla ya kutiwa chupani, na aliye na subira huiweka miaka mingi zaidi. Iliyo pungufu kidogo haitupwi, bali huuzwa kwa jina la pili, Carruades de Lafite. Hizi si chupa za mshahara wa karani, wala hapana haja zianze kuwa. Lakini mtu akizifahamu hizo, hupata ufunguo wa chupa nyingine zote za nchi ile.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba Mfaransa haandiki sana jina la zabibu. Huandika jina la mahali. Anayesoma Pauillac hutakiwa ajue kwamba humo mna Cabernet Sauvignon. Anayesoma Chablis ajue ni Chardonnay, na Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc. Vouvray ni Chenin Blanc, Beaujolais ni Gamay, na divai nyekundu za Burgundy ni Pinot Noir. Ni sawa na mwenyeji wa Nairobi asemapo chai ya Kericho au mchele wa Mwea: mahali ndipo pauzwapo.

Na mahali pale pale patoapo divai ndipo patoapo kitoweo. Pauillac ina kondoo wake mashuhuri, mwana-kondoo anyonyaye, na watu wa huko humla kwa divai yao nyekundu. Si mapenzi ya nyumbani tu. Divai nyekundu ina ukakasi, ule ushikao ulimi kama ndizi mbichi, nao hutoka katika ganda na mbegu za zabibu. Nyama yenye mafuta huulainisha ukakasi huo, na ukakasi nao hulifuta lile tope la mafuta kinywani. Hapo Dagoretti Corner mbuzi wa kuchoma hufanya kazi hiyo hiyo. Mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu na pilipili, wataka divai nyekundu iliyo na nguvu, ya zabibu za Syrah, ambazo Waafrika Kusini huziita Shiraz. Kuku wa kienyeji na mukimo hustahili kitu chepesi zaidi, kama Gamay au Pinot Noir. Samaki wa ziwani aliyekamuliwa ndimu hapatani na divai nyekundu hata kidogo, kwani ukakasi ukikutana na samaki huacha ladha ya chuma. Chenin Blanc iliyopozwa humfaa zaidi. Kachumbari yenye pilipili nyingi ndiyo adui wa divai kali, maana kileo huongeza moto wa pilipili. Afadhali hapo divai yenye utamu kidogo, au maji.

Lakini mzee wa Waithaka akisikia hayo yote, atauliza kwa haki kama watu wake hawakuwa na kinywaji cha kulia mbuzi. Walikuwa nacho. Muratina hufanywa kwa asali iliyochanganywa na maji, au kwa maji ya miwa iliyotwangwa na kukamuliwa, lakini jina lake halitoki katika asali wala muwa. Latoka katika tunda la mti ambao kwa Kiswahili huitwa mwegea, lile tunda refu lining'inialo kwa kikonyo kama kamba. Likiwa bichi ni sumu. Hupasuliwa kwa urefu, huchemshwa na kuanikwa, nalo likiisha kuzoeshwa pombe, katika nyuzi zake hukaa chachu ihamishwayo kutoka kibuyu hadi kibuyu. Kibuyu huwekwa karibu na moto, kwa kuwa usiku wa Dagoretti ni baridi, na baada ya siku chache pombe iko tayari.

Muratina safi ina uchachu na harufu ya asali, na uchachu huo wakata mafuta ya mbuzi kama Chenin Blanc ikatavyo mafuta ya samaki. Zamani haikunywewa na kila mtu. Ilikuwa ya wazee, na bila hiyo mahari hayakuzungumzwa, wala mizimu haikutambikiwa. Mwenye kuileta hupeleka ujumbe, hatafuti kulewa.

Adui wake ni sukari. Mtengenezaji mwenye haraka huacha asali, kwa kuwa ni ghali, akatia sukari ya dukani na hamira ya mikate, akapata kitu chenye nguvu nyingi na ladha haba, kisha akakiita muratina. Anywaye hujua kwa kichwa asubuhi. Mkulima mwenye mizinga huko Kitui au Mbeere akosa mnunuzi, na jina lichafuliwalo ni la wazee.

Wafaransa waliionja shida hiyo hiyo. Baada ya mdudu aitwaye filoksera kuila mizabibu yao kuanzia miaka ya 1860, palitokea watu waliotengeneza divai kwa zabibu kavu, maji na sukari. Sheria ya mwaka 1889 ikasema kwamba divai ni ile tu itokayo katika zabibu mbichi au maji yake, lakini ujanja haukukoma. Mwaka 1907 wakulima wa kusini, ambao bei ya divai yao ilikuwa imeanguka kabisa, walisimama. Tarehe 9 Juni mamia ya maelfu walijaa katika mji wa Montpellier. Siku chache baadaye askari wakapiga risasi huko Narbonne na watu wakafa. Mwezi huo huo haujaisha, serikali ikatunga sheria ya kubana sukari na maji. Mwaka 1935 ndipo ulipowekwa ule utaratibu wa majina ya mahali, kwamba asiandike mtu Pauillac ila zabibu zimetoka Pauillac na zimefanywa kwa desturi yake. Kwa hiyo lile jina gumu rafuni si pambo. Ni hati ya ardhi.

Muratina haikupata hati, ilipata marufuku. Katika miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilijiwekea peke yake haki ya kuwauzia Waafrika tembo huko Pumwani, na pombe za nyumbani zikawa za kufichwa. Na kwa muda mrefu wa utawala wa Kiingereza pombe kali za Kizungu zilikuwa mwiko kwa Mwafrika. Baada ya uhuru serikali nayo ilizifunga mara kwa mara pombe za kienyeji. Kitu kifichwacho hakikaguliwi. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa mjini Nairobi kwa kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu vileo vya kienyeji viuzwe kwa leseni na katika chupa zenye maandishi, jambo ambalo kiwanda hulimudu upesi kuliko mama mwenye kibuyu kimoja.

Mkulima anaweza kuuliza kama haifai zaidi apande mizabibu. Yawezekana, lakini si rahisi. Karibu na Naivasha, katika shamba la Morendat, hupandwa Sauvignon Blanc na Shiraz, na divai yake hupewa jina la Leleshwa, ambao ni mti mdogo wenye majani ya kijivu ujulikanao sana na Wamasai. Kwa kuwa hapa kwetu hapana majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, hapana budi mpogoaji aulaze kwa kisu chake. Dodoma, ambako wamisionari wa Bihawana walianza kazi hiyo, mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka, na iko zabibu nyekundu ya huko iitwayo Makutupora kwa jina la mahali pake. Hata hivyo wakulima wa Dodoma wamepata misimu ambayo zabibu ziliiva viwanda vikawa havina nafasi ya kuzipokea, na zabibu haingoji kama mahindi. Kampuni ya serikali ya divai iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1969 ilijaribu hata mapapai katika miaka ya 1980.

Kwa mwenye kishamba cha Mutuini, mizinga miwili na miwa ya ukingoni mwa kijito bado ni hesabu nyepesi kuliko mzabibu, ikiwa yuko mtu atakayelipa bei ya asali kwa kitu cha asali. Wako wanaolipa, hasa siku za mahari, wakati ambapo wazee hawakubali kudanganywa kwa sukari. Shughuli ikiisha, mwenye nyumba huyatoa matunda ndani ya kibuyu, huyakamua, na huyaanika juani juu ya paa la mabati mpaka yakauke, kwa ajili ya pombe nyingine.