Na mtoto wa miaka 5 katikati ya umati wa Notting Hill

Kwa siku tatu nilipinga mtoto wa miaka 5 kupelekwa kwenye Kanivali ya Notting Hill, jijini London, nilikokuwa nikisoma shahada ya pili. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ndiye mwenye mtoto na ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo nilipinga kwa adabu. Alinisikiliza huku akimsuka binti yake nywele, kisha akasema: “Mdogo wangu, Jumapili ni siku ya familia. Twende. Ukiona mambo mabaya, wewe ndiye utakayesema turudi.”

Hofu yangu haikuwa ushamba. Machi 2021 watu 45 walifariki dunia katika msongamano Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakati wa kumuaga Rais John Magufuli, na miongoni mwao walikuwemo watoto. Tangu hapo nikiingia penye watu wengi, kwanza natafuta pa kutokea. Tumezoea kusema watu “wamekanyagana”, lakini wengi wanaokufa kwenye msongamano hawakukanyagwa. Wamebanwa vifua wakiwa wamesimama, mapafu yakakosa nafasi ya kutanuka. Sasa fikiria mtoto, ambaye kifua chake kiko usawa wa viuno vya watu wazima.

Na huu si umati mdogo. Kanivali hufanyika Jumapili na Jumatatu ya mwisho wa Agosti, na kwa siku hizo mbili hukusanya zaidi ya watu milioni moja kwenye mitaa ya kawaida ya makazi. Haina tiketi wala lango. Wenye nyumba hupigilia mbao madirishani, na wengine hukodisha choo chao kwa wapita njia. (Biashara hiyo msiidharau. Ukiwa na mtoto aliyebanwa na mkojo, utalipa bila kuuliza chenji.)

Chimbuko lake ni machungu. Mwaka 1958 magenge ya Wazungu yaliwashambulia watu weusi waliotoka visiwa vya Caribbean na kuhamia eneo hilo. Januari 1959 mwandishi wa habari Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad, akaandaa kanivali ndani ya ukumbi ili watu wake wapate kucheka tena. Ya mitaani ilianza mwaka 1966, wakati Rhaune Laslett alipoandaa sherehe kwa ajili ya watoto wa mtaa. Dada alifurahi sana nilipomsomea hayo. “Unaona? Watoto ndio wenye shughuli.”

Tulitembea kutoka Paddington asubuhi, kabla watu hawajajaa. Mtoto alikuwa na namba ya simu ya mama yake mkononi, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na vifunika masikio vya rangi ya waridi. Vile vifunika nilivisisitiza mimi. Kelele ikifika desibeli 100, mtu mzima hashauriwi kukaa hapo zaidi ya dakika 15 hivi, na pale spika zimepangwa kama kabati la nguo. Nilihisi mdundo mbavuni. Nilipita karibu na kichanga kimelala kwenye kigari mbele ya spika, masikio wazi, nikatamani kuuliza mama yake yuko wapi.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa. Watoto wa umri wake walipita wamevaa mabawa makubwa kuwazidi, bendi zikipiga ala za chuma zilizozaliwa na mapipa ya mafuta, moshi wa kuku wa Jamaika ukitujia puani. Mtoto alicheza mpaka kamba ya kiatu ikafunguka.

Saa tisa alasiri muziki ulizimwa. Kila mahali. Kwa sekunde 72 umati wote ulinyamaza kuwakumbuka watu 72 waliokufa Juni 2017 kwa moto wa jengo la Grenfell, ghorofa lililo jirani na hapo. Kati yao 18 walikuwa watoto. Nilisikia kichanga kikilia mtaa wa pili. “Mama mdogo, kwa nini wamenyamaza?” Nilimwambia wanawakumbuka watu waliokufa. Akatazama viatu vyake mpaka muziki uliporudi.

Muda mfupi baadaye, kwenye njia panda, msafara ulikwama na waliokuwa nyuma hawakujua. Nilijaribu kuinua mkono kufuta jasho, ukagoma kupita. Hiyo ndiyo dalili ninayoiogopa: mikono haipandi, na umati unakusogeza bila miguu yako kuamua. Nikasema, “Dada, turudi.” Hakubisha. Alimshusha mtoto mabegani, akamkumbatia kifuani, mikono yake ikiwa ngao. Hatukushindana na waliokuwa wakija. Tulikwenda mshazari, hatua mbili kila watu walipolegea, mpaka tukafika uchochoro uliokuwa na wasimamizi wenye vizibao vya kung’aa. Ilikuwa labda dakika sita. Shati la dada lilikuwa limelowa mgongo mzima.

Mtoto hakuona hatari yoyote. Aliona kwamba aliahidiwa hindi la kuchoma, halafu mama mdogo akaharibu. Kwenye basi alikaa upande wa mama yake, akanigeuzia kisogo, na tulipokaribia nyumbani akamuuliza kwa sauti ambayo nami niisikie: “Mwakani, na yeye atakuja?”