Mtu wa Mwisho wa Mfereji

Akina mama wenzangu, anayetoka Arusha kuja kwetu Karatu hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha gari huanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Chini huachwa Ziwa Manyara liking'aa, na mbele hutokea udongo mwekundu, mashamba ya mahindi na ngano, na baridi ya kumfanya mgeni atafute sweta. Karatu ni mji wa njiani. Watalii hulala hapa, na asubuhi huelekea lango la Lodoare ili washuke katika kreta ya Ngorongoro, yenye kina cha mita 600 hivi. Mume wangu huwaendesha watalii hao. Mimi ni muuguzi.

Nyumbani tuko sita: sisi wawili, binti yetu aliyemaliza kidato cha sita, wavulana wawili wa shule, na dada anayetusaidia kazi. Tuna kiruta kidogo cha intaneti kinachotumia laini ya simu. Mchana huenda vizuri, lakini jioni, mji mzima ukirudi nyumbani, spidi yake hushuka hadi megabiti 4 hivi kwa sekunde. Hizo ndizo tulizokuwa tukigombania.

Jioni moja binti yetu alikuwa akipakia vyeti vyake kwa ajili ya maombi ya mkopo wa chuo. Ilibaki siku moja tu kabla ya mwisho. Wavulana walikuwa wanatazama video, kila mmoja na yake. Baba yao alikuwa anawatumia wageni picha za simba. Ukurasa wa binti ulizunguka mpaka saa tano usiku, naye akaanza kulia. Niliwafokea wote. Ndipo yule mdogo akachukua simu yangu mezani, akanionyesha: ilikuwa inapakia picha mia tatu za harusi ya kanisani ili zihifadhiwe, nami sikuwa na habari. Aliyefoka kuliko wote ndiye aliyekuwa ameziba njia! Binti aliamka peke yake saa kumi alfajiri, na vyeti vikaenda kwa dakika chache. Lakini uchungu ulibaki nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mang'ola pamoja na akina mama wa kanisa kumwona mwenzetu aliyejifungua. Njia ni ile ile ya Ngorongoro, ila ukifika Njia Panda unakata kushoto, ukiiacha ile ya kupanda langoni. Barabara huteremka kuelekea Ziwa Eyasi na joto huongezeka hadi sweta huvuliwa. Mara huonekana kijani kibichi katikati ya ukavu: mashamba ya vitunguu. Maji yake hutoka katika chemchemi, nazo hulishwa na msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro unaonasa mawingu na mvua. Hivyo mvua inayonyesha huko juu ndiyo inayokuza kitunguu huku chini.

Shamba la mwenyeji wetu lilikuwa karibu na mwisho wa mfereji. Nilimwuliza kwa nini wasiache maji yakapita kwa kila mtu kwa wakati mmoja, kila shamba likapata kidogo chake. Alicheka.

"Nesi, ukiyagawa yote kwa mara moja, yanaishia kulowesha kingo za mfereji. Hakuna shamba linalokunywa. Ndiyo maana tuna zamu."

"Na ninyi wa mwisho?"

"Sisi hatuombi maji mengi kuliko wa juu. Tunataka kuijua siku yetu, na siku hiyo wa juu wafunge."

Njia nzima ya kurudi maneno hayo hayakuniacha. Hata Karatu yenyewe, kwa habari ya intaneti, ni shamba la mwisho la mfereji mrefu. Sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na nchi za nje hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kama Seacom iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy iliyoanza kazi mwaka 2010. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Mtu wa mwisho wa mfereji huisikia mapema shida ya huko juu.

Usiku ule tulizima televisheni, tukakaa wote sita mezani. Binti alichukua karatasi, akatufanyia hesabu. Video moja ya ubora wa 720 huhitaji takribani megabiti 2.5 kwa sekunde. Wavulana wawili, hizo ni 5, nasi jioni tunazo 4! Kabla baba hajagusa simu yake tumeshakuwa na deni. Lakini video hiyo hiyo ikishushwa hadi ubora wa 480, huhitaji kama megabiti 1.1. Wavulana wawili wanatumia 2.2, na inabaki karibu 1.8 kwa wengine. Bando nalo hunusurika: saa moja ya 480 hula kama nusu GB, na ya 720 hula zaidi ya GB moja. Kwenye kioo kidogo cha simu macho hayaoni tofauti kubwa.

Tukapanga. Kwanza, kazi yenye saa yake hutangulia burudani: masomo, maombi ya chuo, simu ya mgonjwa. Pili, picha za kuhifadhi na masasisho ya simu husubiri saa sita usiku. Njia ya kupandisha kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kushusha, na ikiziba, hata kufungua ukurasa huwa shida, maana kila ukurasa huanza kwa simu yako kutuma ombi. Tatu, mahubiri na muziki hupakuliwa usiku, husikilizwa mchana. Nne, kiruta kimetoka nyuma ya friji, kimewekwa juu ya kabati katikati ya nyumba.

Nilidhani tumemaliza. Ndipo nikamkumbuka yule mama wa Mang'ola, nikamgeukia dada wa kazi.

"Na wewe dada, unahitaji saa ngapi?"

Alitazama chini. "Mimi sina neno, mama. Huwa naweka bando langu."

Tulinyamaza wote. Alikuwa na miaka miwili kwetu, na hakuna aliyewahi kumpa neno la siri la waifai. Ana mtoto wa miaka sita anayelelewa na bibi yake kijijini, mbali na hapa. Kila jioni nilimwona akisimama nje penye tangi la maji na simu sikioni, nikidhani anapenda upepo. Kumbe alikuwa akiutafuta mtandao, kwa fedha ya mshahara ninaomlipa mimi, ili asikie sauti ya mwanawe. Kumwona usoni lilikuwa jambo la gharama. Mimi ninayewahimiza akina mama kliniki wawe karibu na watoto wao, sikuwa nimeuliza.

Zamu yake sasa ni saa moja na nusu jioni, kabla mtoto hajalala. Nusu saa hiyo wengine tunafunga, baba naye. Siku ya tatu tu kulikuwa na mpira, na mume wangu akaanza kunong'ona kwamba dakika kumi hazina madhara. Nikamwambia, "Baba watoto, ni siku ya wa mwisho, wa juu wafunge." Aliweka simu mezani, akatoka nje kuangalia matairi ya gari.

Kutoka jikoni tulisikia sauti ya mtoto ikicheka. Alikuwa anamwonyesha mama yake pengo la jino lililong'oka asubuhi.

Mpendwa mama, siwezi kukupa ratiba ya nyumba yako. Lakini mkikaa kugawana, msianze na yule mwenye sauti kubwa. Anzeni na yule anayesema hana neno.