Kiwanja cha Kijiji

Jumatano, 27 Novemba 2024
Kura zimehesabiwa, mwenyekiti wa kijiji ni mimi. Vijana wameimba hadi sauti zikakauka. Wazee wawili wamenipa mkono bila neno, nami nimewaelewa: hapa kwetu Usambara kiti hiki kimezoea wanaume. Watu wananitaja kwa vikombe vya Chuo cha Ualimu Korogwe, nilikocheza netiboli na wavu na kukimbia mita 1500. Mimi nakumbuka zaidi nafasi yangu ya kati kwenye netiboli. Mchezaji wa kati huzunguka karibu uwanja mzima, lakini sheria haimruhusu kufunga, wala kuingia kwenye duara la goli. Kazi yake ni kumfikishia mpira anayeweza kufunga. Nataka kuongoza hivyo.

Jumapili, 2 Februari 2025
Leo imetimia miaka 51 tangu Filbert Bayi avunje rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Aliongoza tangu mwanzo, John Walker akamfukuza mpaka kwenye utepe asimpate. Mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya Moscow, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Ninachomheshimia zaidi ni kwamba baada ya hapo alijenga shule, na akaitumikia Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi akiwa Katibu Mkuu. Mbio zake zimewafaa watoto wa watu wengine.

Nimeyawaza haya kwa sababu ya vijana waliokuja jana kuomba kukodi kiwanja cha mpira walime kabichi.
“Mwalimu, kabichi inalisha watu. Mpira unalisha nani?”
Hawana ubaya. Milima imeinama kila upande, na mabonde yamejaa mboga za kupeleka Dar es Salaam. Kodi yao ingesaidia zahanati. Nimewajibu kwamba jambo hili ni la mkutano mkuu.

Jumamosi, 15 Machi 2025
Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uidhinishe. Nimefungua kikao, nikawaachia wengine kusema. Kijana wa kabichi ameeleza hoja yake vizuri. Kisha akasimama mama mmoja anayeuza ndizi:
“Binti yangu atachezea wapi? Kwenye kona za malori?”
Mikono mingi imeinuka upande wake. Kiwanja hakikodishwi, na kitaandikwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kuwa eneo la michezo. Kwa ajili ya zahanati kila kaya itachanga, na vijana wale wamekubali kusimamia michango. Jumatatu tunachimba mifereji kuzunguka kiwanja kabla masika haijakolea. Kila kaya italeta jembe moja.