Chombo cha Wote Mjini New York

Tulipofika New York, kule Marekani, tuliwakuta wageni wengi wakilipa fedha nyingi ili watembezwe majini. Mfuko wetu ulikuwa mwepesi, nasi tuliona haya. Basi tukafuatana na wafanyakazi, tukaingia katika meli kubwa ya rangi ya machungwa, ivushayo watu toka Manhattan hata kisiwa cha Staten Island. Tangu mwaka 1997 mvukaji halipi hata senti moja. Nazo meli hizo huvuka usiku na mchana.

Kwa muda wa dakika 25 tulitazama minara ya mji, mawimbi ya bandari, na Sanamu ya Uhuru, zawadi ya Ufaransa, iliyozinduliwa mwaka 1886. Kando yetu mama mmoja alisinzia kwa uchovu wa kazi. Uzuri ule ni wake kila siku.

Meli moja yaitwa Dorothy Day. Mama huyo alibatizwa kisiwani humo mwaka 1927, akawatumikia masikini mpaka kufa kwake mwaka 1980. Jina lake lastahili pale, maana Mungu hakuwaumbia matajiri peke yao maji yake.