Vumbi Lisilonaswa

Kabla ya lami, gari la kutoka Voi lilifika kwetu Mata limekwisha badilika rangi: turubai, viti, hata kope za utingo, vyote vyekundu. Tulikung'uta vumbi juu ya gazeti, tukapitisha sumaku tuliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu. Punje chache nyeusi zilirukia sumaku, zikasimama kama nywele za paka. Lile jekundu halikutikisika. Mwalimu alishatuambia wekundu ule ni kutu ya chuma. Chuma gani kisichoitika sumaku? Nilijiambia kimekufa.

Mjomba, aliyechimba vito upande wa Kasigau, alinipa somo la pili. Alimulika kwa tochi jiwe la kijani, tsavoraiti, lile lililopewa jina la Tsavo mwaka 1974, akaligeuza kidoleni, kisha akalisukuma kando. "Chafu hili, mpwa wangu. Waona huo ukungu? Broka atacheka."

Yote mawili niliyaamini mpaka nilipokwenda chuoni kusoma fizikia. Kumbe chuma kile kilikuwa hai. Ndani ya hematiti, madini yanayoupa udongo wa Tsavo wekundu wake, kila atomi ya chuma ni sumaku ndogo. Ila tabaka moja linaelekea huku, linalofuata kule. Ni timu mbili za kuvuta kamba zilizotoshana nguvu: kamba imetulia, watu wanatoka jasho. Vitu hivyo huitwa antiferomagneti. Usumaku unaobaki nje ni hafifu mno. Sumaku yetu ya spika ingeupatia wapi?

Anayeuona ni almasi chafu. Mahali pa kaboni pamekaa naitrojeni, na jirani yake pengo tupu. Ukiimulika kwa leza ya kijani hutoa mwanga mwekundu. Ukiipigia maikrowevu ya gigahezi 2.87 hivi, mwanga unafifia, na usumaku wa karibu hukisogeza kipimo hicho. Mwaka 2019 watafiti wa Zurich walipitisha ncha ya almasi ya aina hiyo juu ya utando wa shaba, manganizi na aseniki. Waliona mapigo ya umeme yakivunjavunja maeneo ya usumaku, kisha maeneo yakijirudi polepole. Mwaka 2023 wenzao wa Cambridge wakaipima hematiti yenyewe. Kutu yetu!

Nilimpigia Mjomba, nikamweleza habari ya naitrojeni na pengo. Akanyamaza, nikamsikia akinywa chai.

"Kwa hiyo chafu nayo ina mnunuzi," akasema. "Wananunua karati bei gani?"